Sikio la Baba, Sikio la Mama

Kwa kisu, muuza nyama huyu alikuwa bingwa, na ukisahau alikukumbusha mwenyewe. Wateja walimwita Steki. Hawakumpa jina hilo kwa mapenzi. Kila aliyesimama mbele ya meza yake aliahidiwa steki tupu, nyama laini isiyo na mfupa, kisha akafika nyumbani, akafungua karatasi na kukuta mfupa umejilaza katikati. Ukirudi kulalamika, Steki alikunyooshea mikono yake miwili mipana na kusema, "Mimi nakata tu, dada yangu. Mifupa kaiumba Mungu."

Alikuwa na mwili wa kujaza mlango. Paja zima la ng'ombe alilishusha kwenye ndoano peke yake, akaligawa mapande huku akipiga soga na fundi viatu wa kibanda cha jirani. Na soga lenyewe halikuwa na habari nyingine zaidi ya ushujaa wake: kwamba haogopi damu, kwamba tangu azaliwe hajageuza uso mbele ya jambo lolote, kwamba wanaume wa siku hizi ni mayai, ukiwagusa wanapasuka. Fundi viatu, mzee ambaye misumari haikumtoka mdomoni kutwa nzima, alimwitikia kwa pua.

Sasa, siku binti yake wa miezi mitano alipopelekwa zahanati kutogwa masikio, shujaa huyu alikuwa wapi? Alikuwa nje, analinda pikipiki. Pikipiki ilikuwa imefungwa kwa mnyororo, na mlinzi wa zahanati alikuwa ameketi hatua tatu kutoka hapo, lakini Steki alisema wezi hawaaminiki. Kilio cha kwanza kiliposikika, akakohoa. Cha pili kiliposikika, akainama kukagua tairi la nyuma, akalibonyeza na kulibonyeza mpaka mlinzi akamuuliza kama lina pancha.

Ndani, mke wake alikuwa anapewa maelekezo. Mke huyu alikuwa msusi, mwanamke wa vidole vyepesi na maneno machache, ila hayo machache yalikuwa na ncha. Nesi alimweleza taratibu. Maji yachemshwe, yatiwe chumvi kidogo, yaachwe yapoe. Mikono ioshwe kwanza kwa sabuni. Pamba safi ilowekwe, masikio yafutwe mbele na nyuma, asubuhi na jioni, kwa wiki sita. Vipini visitolewe, vizibo vya nyuma visibane nyama. Na mafuta, majivu, dawa ya meno na busara za majirani visikaribie hapo kabisa.

"Atalia," nesi alisema. "Akisafishwa atalia kidogo, halafu atasahau. Asiposafishwa ndio mtalia wote."

Ni hapo Steki alipoingia, hatari ikiwa imeshapita, akatikisa kichwa kama mtu aliyekuwepo tangu mwanzo. "Tumeelewa, nesi," akasema.

Mtoto alirudi nyumbani na vipini viwili vidogo vya dhahabu, kila kimoja na ukubwa wa punje ya mtama. Walizoea kumwita Kidosho, na siku hiyo jina lilimkaa sawasawa. Steki alimbeba kifuani akampitisha kwenye maduka yote ya mtaa wao, akaeleza kwa kila aliyetaka na asiyetaka jinsi mtoto alivyokuwa jasiri. "Kachukua kwa baba yake," akasema.

Siku tatu za mwanzo mama ndiye aliyesafisha masikio yote mawili. Steki alisimamia. Kusimamia kwenyewe ilikuwa kukaa mlangoni, uso ameuelekeza ukutani, na kuuamrisha ukuta: "Polepole! Unamuumiza! Huyo ni mtoto, si nywele za mteja!"

Siku ya tatu jioni, Mama Kidosho, aliyekuwa amesimama saluni tangu asubuhi akisuka vichwa sita, aliweka pamba chini.

"Baba Kidosho, kumbe wewe ndiye fundi wa masikio?"

"Kwani hiyo nayo ni kazi? Mimi ninayechambua nyama unyuzi kwa unyuzi?"

"Haya basi. Mtoto ana wazazi wawili na masikio mawili, Mungu kashatupigia hesabu. La kulia langu, la kushoto lako. Asubuhi na jioni, kila mtu na lake. Na mtu asimsimamie mwenzake."

Watu wenye akili timamu wangecheka, wakaosha mikono na kumaliza kazi. Watu wamewahi kugawana mashamba, wamegawana vyombo na magodoro. Lakini kumgawana mtoto mchanga kwa masikio, hilo lilihitaji vichwa viwili vigumu vilivyokutana chini ya paa moja. Walipeana mikono. Kesho yake mama akanunua pakiti mbili za pamba, akatenga na vikombe viwili: cha bluu chake, chekundu cha baba. Steki alifurahi hasa. Aliona amepewa cheo.

Asubuhi ya kwanza ya cheo hicho, mama alipoingia bafuni, Steki alimlaza Kidosho mapajani, akaosha mikono mpaka kwenye viwiko, akalowesha pamba. Akaisogeza. Kulikuwa na ukoko mdogo wa manjano nyuma ya kipini. Pamba ilipogusa ukoko, mtoto alikunja midomo. Hakuwa amelia bado. Midomo tu ilijikunja, kidevu kikatetemeka, macho yakamtazama baba yake kama yanamuuliza, na wewe?

Steki akarudisha mkono.

Akajaribu tena. Midomo ikajikunja tena, safari hii na sauti ikaanza kupanda. Jasho likamtoka mtu wa watu, kwenye paji la uso na mgongoni. Mkono uliokuwa unapasua kiungo cha ng'ombe kwa pigo moja ulikuwa unashindwa kushika pamba. Akaitazama milango yote, akahakikisha hakuna aliyemwona. Kisha akaichovya pamba kwenye kikombe chekundu, akaikamua, akaitupa ndooni. Akachukua ya pili, akaichovya, akaikamua, akaitupa. Maji yaliyobaki akayamwaga kwenye sinki. Wakati wote huo alikuwa anamwimbia mtoto, na mtoto alikuwa anacheka.

"Umeshamaliza?" mama akauliza akitoka bafuni na taulo kichwani. "Mbona hajalia?"

"Mkono mwepesi," Steki akajibu. "Wewe unamfuta kama unasugua sufuria."

Basi mchezo ukawa huo. Asubuhi na jioni, pamba mbili, nusu kikombe. Hakuzidisha wala hakupunguza. Angeitumia bidii ile ya kudanganya kusafishia, sikio lingepona kabla ya wiki sita. Upande wa mama kulikuwa na kilio kifupi kila siku, upande wa baba vicheko na nyimbo. Mtoto mwenyewe akaanza kumkimbilia baba kwa macho, na hilo lilimlevya Steki kuliko pombe. Aliamini, na aliamini kwa moyo wote, kwamba kumpenda mtoto ndiko huko.

Buchani akawa mshauri. Alikuja mama mmoja amembeba mjukuu mwenye masikio mapya, na Steki akamkatia nusu kilo huku akimpa somo. Maji ya chumvi, mama. Usionee huruma kilio. Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye. Mama yule akamshukuru sana, akaenda zake na mfupa wake.

"Na la kwako linaendeleaje?" fundi viatu akauliza. Alikuwa ameitoa misumari mdomoni kwa ajili ya swali hilo tu, maana mtaa mzima ulishajua habari za sikio la baba na sikio la mama.

"Kama halijaguswa!" Steki akasema, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake alikuwa amesema kweli tupu bila kukusudia.

Ijumaa ya wiki ya pili ndewe ya sikio la kushoto, ile nyama laini ya chini, ikaanza kubadilika rangi. Steki aliiona kabla ya mtu mwingine yeyote. Akajiambia ni joto. Jioni akajiambia ni mbu. Asubuhi ya Jumamosi sikio lilikuwa limevimba kidogo na lina moto ukiligusa, akajiambia ni mtoto kalilalia. Mtu akitaka kujidanganya hakosi msaidizi, na Steki alijisaidia mwenyewe. Akamtafutia Kidosho kofia ya sufu, akamvalisha mpaka kwenye nyusi, siku ambayo hata mbwa walikuwa wamelala kivulini.

"Kofia ya nini?" mama akauliza.

"Upepo."

Mama akautazama mti wa jirani, ambao hakuna jani lililotikisika. Akamvua mtoto kofia amsafishe sikio lake la kulia. Alilisafisha vizuri kama kawaida yake, mtoto akalia kidogo, akanyamaza. Kisha akauliza kwa sauti tamu ambayo Steki hakuizoea, "Na la kwako, Baba Kidosho? Linaendeleaje?"

"Safi kabisa."

"Safi kabisa," mama akarudia, akamvalisha mtoto kofia tena.

Jumapili akauliza vilevile, kwa utamu uleule. Jumatatu pia. Steki akajibu vilevile. Ulimi ulikuwa umezoea njia. Angesema nini? Kwamba mwanaume mzima, bingwa wa kisu, ameshindwa na pamba? Kwamba wiki nzima amekuwa akikisafisha kikombe? Aliapa moyoni kwamba jioni atalisafisha kweli. Jioni ilipofika, sikio lilikuwa linauma zaidi kuliko asubuhi, na mtoto alipiga kelele kabla hata hajaguswa. Akaahirisha mpaka kesho. Sikio la kufa halisikii dawa, na hili halikuletewa hata hiyo dawa.

Jumatano asubuhi Kidosho alikataa kunyonya. Kila alipolazwa kwa upande wa kushoto alipiga yowe, akageuza kichwa, akapiga yowe tena. Steki ndiye aliyemvua kofia. Ndewe ilikuwa imejaa kama tunda lililoiva kupita kiasi, usaha umekauka shavuni, na kizibo cha nyuma hakikuonekana. Alikitafuta kwa macho akadhani kimeanguka. Kisha akaelewa kwamba hakijaanguka. Nyama ilikuwa imekimeza.

"Mama Kidosho," akaita, na sauti iliyotoka haikuwa ya mtu wa kujaza mlango.

Safari hii hakulinda pikipiki. Aliiacha barabarani bila mnyororo, akawa wa kwanza kuingia chumbani kwa nesi, mtoto kifuani. Ni nesi yuleyule. Akanawa mikono, akageuza kichwa cha mtoto upande huu, akakigeuza upande ule. Akakigeuza tena upande huu, kama anayetaka kuhakikisha ni kichwa kimoja.

"La kulia linapona vizuri sana," akasema. "La kushoto limeoza. Nyumba moja, mtoto mmoja. Nielezeni."

Mama Kidosho akatazama dari. Steki akaona ni lazima ajieleze yeye, akajieleza. "Tuligawana, nesi. La kulia lilikuwa la mama, la kushoto..."

"Mligawana nini?"

"Masikio."

Nesi akaweka pamba yake mezani. "Mmegawana mtoto?"

"Sasa nesi," Steki akasema, maana mazoea ni kilema, "kushoto kwenyewe inategemea. Ukimtazama kwa mbele, mkono wako wa kushoto ndio unaoangukia..."

"Baba!" nesi akasema. "Pande zote mbili ni za mtoto."

Hapo ulimi wa Steki ukaishiwa njia. Akasema. Alisema haraka, macho sakafuni, kama anayetapika: midomo ya mtoto iliyojikunja, kikombe chekundu, pamba mbili za asubuhi na mbili za jioni, nyimbo. Alisema yote mpaka maji aliyoyamwaga kwenye sinki. Alipomaliza, mke wake hakushangaa, na kutoshangaa kwake kulionekana waziwazi.

Nesi alikuwa amefanya kazi na wazazi kwa miaka mingi. Akamgeukia mama. "Na wewe uliona lini?"

Mama Kidosho akapanga kanga yake begani. "Pamba nilikuwa naziona ndooni. Nyeupe, hazina hata doa."

"Sikuulizi pamba. Sikio uliliona lini?"

"Jumamosi," mama akasema, kwa sauti ndogo.

"Leo Jumatano."

"Nilikuwa namsubiri aseme mwenyewe. Kila siku ananisimanga na mikono yake myepesi. Nikasema ngoja limwaibishe, ndio atajifunza."

"Ulikuwa unamsubiri baba," nesi akasema. "Na mtoto, alikuwa anamsubiri nani?"

Steki alimtazama mke wake, na kwa mara ya kwanza hakupata raha ya kumkuta mwenzake na kosa. Siku nne yule mwanamke alikuwa ameosha sikio lake, akageuza kichwa cha mtoto, akaliona la pili linavimba upana wa kiganja kutoka mkononi mwake, akafuta mikono akaenda kazini. Siku nne yeye Steki alikuwa amelifunika kofia. Fahali wawili walikuwa wamepigana, na nyasi yenyewe ilikuwa na kilo saba.

"Mtu amshike," nesi akasema, akafungua kifurushi cha vifaa. "Barabara. Asitikisike."

Mama akanyoosha mikono. Vidole vilivyosuka vichwa sita kwa siku havikutulia. Nesi akamtazama Steki. Mlango ulikuwa nyuma yake, wazi, na nje kulikuwa na pikipiki isiyo na mnyororo, sababu nzuri kuliko ile ya kwanza. Steki akaketi. Akamlaza binti yake kifuani, akakishika kichwa kile kidogo kwa viganja vyote viwili. Midomo ikajikunja. Hakugeuza uso. Nesi alipoikata ngozi kukitafuta kizibo, Kidosho alilia kilio ambacho baba yake hakuwahi kukisikia, macho yakiwa yamemkodolea yeye, na yeye akayatazama, akalia pamoja naye, kamasi zikamtiririka mpaka kidevuni, mbele ya wagonjwa wote waliokuwa wanachungulia dirishani. Ilichukua dakika tatu. Alikuwa amezikimbia dakika hizo kwa siku kumi na moja, nusu dakika kwa nusu dakika.

Kipini kikawekwa kwenye sahani ya chuma, kikalia ting. Nesi akasafisha kidonda, akaandika dawa ya kunywa, akaeleza upya yote aliyoyaeleza mara ya kwanza. Tundu litaziba, akasema. Kovu litabaki, huenda na kinundu. Akikua akitaka atatogwa tena, pembeni kidogo, kwa hiari yake. "Na hili la kulia muendelee nalo," akasema. "Nyote wawili."

Nyumbani kikombe chekundu na cha bluu vilirudi kabatini, ikatoka bakuli moja. Asubuhi na jioni mama alishika kichwa, baba alishika pamba. Kidosho alilia kila mara, na mkono wa Steki ulitetemeka kila mara, lakini ulifika. Hawakusemeshana sana wiki hiyo. Kila mmoja alikuwa na maneno yake na kila mmoja aliona aibu kuanza. Siku ya tano mama alisema, "Nyuma hujafuta," na Steki akafuta nyuma bila kuomba ushahidi.

Mtaani habari zilifika kabla yao, lakini si zote. Watu waliona mtoto ana hereni moja, basi. Wiki ya kwanza Steki aliwajibu kila mtu kwa jibu lake. Huyu alimwambia imeanguka, yule alimwambia ni mtindo, na yule mwingine akaambiwa dhahabu ya siku hizi si dhahabu. Fundi viatu alisikia majibu yote matatu katika asubuhi moja, na misumari ikamtikisika mdomoni kwa kicheko.

Kisha akaja yule mama wa mjukuu. Siku hiyo Mama Kidosho alikuwa amemwacha mtoto buchani kwa muda, na Kidosho alikuwa ameketi kwenye beseni lake nyuma ya meza, akitafuna kijiko cha mti. Mama yule aliomba nusu kilo ya steki. Steki akakata, akapima, akautia mfupa wake kama kawaida, maana mtu haongoki mwili mzima kwa siku moja.

"Nilifuata yale uliyonifundisha," mama yule akasema kwa furaha. "Mjukuu wangu kapona, hata alama huoni! Ubarikiwe." Akachungulia nyuma ya meza. "Haa! Na huyu mbona ana hereni moja tu?"

Fundi viatu akatoa msumari mdomoni, akaacha kugonga soli asikie jibu la nne.

Steki aliweka kisu chini. Akamtazama binti yake, ule upande uliong'aa na ule wenye kovu jekundu.

"Lenye hereni ni la mama yake," akasema. "Lile tupu ndilo langu."

Mama yule akacheka, akidhani ni utani wa buchani, akachukua nyama yake akaenda. Fundi viatu hakucheka. Aliurudisha msumari mdomoni, akaendelea na kiatu chake.